Paa Lisilovuja

Machi 4

Naandika kwa sababu nikisema nitavunja mtu meno.

Leo mdogo wangu amekuja na ramani. Nyumbani tunamwita Injinia, si kwamba ni injinia, anauza bima. Jina alilipata utotoni kwa kuifungua redio ya Baba na kushindwa kuifunga. Ameitandaza ramani juu ya meza ya chakula na Baba amekaa hapo hapo, mpaka mzee wa watu ikabidi anyanyue mikono yake kupisha karatasi.

"Nini hicho kinachochakarisha?" Baba akauliza.

"Makaratasi tu, Baba. Mambo ya ukarabati."

"Ukarabati gani?"

"Kidogo kidogo. Pale palipochoka."

Palipochoka! Ramani nimeiona. Ukuta wa kati ya sebule na jikoni unaondoka wote. Ngazi inatolewa katikati ya nyumba inapelekwa nyuma. Choo cha chini ya ngazi kinahama nayo. Jikoni itawekwa meza kubwa katikati, wenyewe wanaiita kisiwa. Nimepika humu tangu Mama afariki, sikujua kwamba tunapungukiwa kisiwa. Sasa nangoja waniletee na bahari.

Nyumba yetu ni ya nne katika safu ya nyumba za zamani zilizoshikana ukuta kwa ukuta, nyembamba zote. Injinia anahamia na mkewe na mapacha wao, na ni kweli ilivyo hawatatosha. Hilo silikatai. Lakini Baba haoni. Presha ya macho ilichukua jicho moja, ikatulia, ikarudi kuchukua la pili. Na ukimkuta humu ndani hutajua. Anaondoka kwenye kiti chake, anaweka mgongo wa mkono wa kulia ukutani, anaufuata mpaka mlango wa jikoni, anajimiminia chai bila kumwaga tone. Akitaka choo anaufuata tena mpaka nguzo ya ngazi. Ukuta umeota mstari unaong'aa kwa mkono wake. Huo ndio ukuta unaovunjwa.

Nikamvuta Injinia nje. "Umemwambia?"

"Nikimwambia atakataa."

"Basi?"

"Basi akikataa nitafanyaje, Dada? Daktari kasema asishtuliwe. Atazoea."

Machi 7

Mvua imeanza. Nimeshona sketi za shule kutwa nzima, na zote nimezifumua.

Machi 11

Amekuja afisa wa majengo ya kale. Ana miwani shingoni, miwani usoni, na kamera. Ameukwangua mlango wetu kwa ukucha kama daktari anayetafuta ukurutu, akasema chini ya rangi ya kijani kuna ya bluu, na ya bluu ndiyo ya asili, kwa hiyo lazima irudi. Mlango hauguswi. Bawaba haziguswi. Mbao za dirisha zikibadilishwa ziwe za mti ule ule, upana ule ule. Injinia alikuwa anaitikia kama mwanafunzi anayetaka kusamehewa.

Nikamuuliza, "Na ndani?"

"Ndani ni hiari yenu, mama. Sheria inalinda kinachoonekana."

"Kinachoonekana na nani?"

"Na wapita njia."

Nilimtazama nikidhani anatania. Wapita njia! Mtu anayepita hapa mara moja akielekea sokoni amelindwa na serikali nzima, na mtu anayeishi humu hakuna wa kumuuliza. Nikamwambia nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Akacheka, akasema methali ni urithi pia. Nikaingia jikoni kabla sijamwagia chai.

Machi 16

Baba amehamishiwa kwa Shangazi, dada yake mdogo, mpaka kazi iishe. Sababu aliyopewa ni kwamba paa linavuja na lazima liezuliwe. Injinia ndiye aliyeitunga.

"Mbona sijasikia tone?" Baba akasema. "Mvua yote hii ya wiki nzima."

"Linavuja upande wa nyuma, Baba."

Baba akageuza uso kwangu. Bado ana tabia ya kumgeukia mtu anayesema naye. "Ni kweli, mwanangu? Linavuja?"

Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni akichezea funguo. Injinia akanikodolea macho. Nikasema, "Ndiyo, Baba. Linavuja."

Akachukua mkoba wake na kofia, akatoka. Mlangoni akapapasa bawaba, akashuka kidato bila kushikwa.

Machi 22

Ukuta umeanguka.

Nilitaka kutoka lakini nikasema la, nitasimama nione. Walianza juu. Tofali za zamani zile zina ukaidi, kila moja iling'ang'ania chokaa yake, na vumbi likatanda hadi ngazini. Ilipofika sehemu ya mstari wa mkono wa Baba nikamwambia fundi mkuu asubiri. Akasubiri. Nikauliza kama anaweza kuukata ukuta ukabaki nusu, usawa wa kiuno.

"Ramani inasema wote, mama."

"Nakuuliza wewe, siulizi ramani."

"Mimi nikianza kujiuliza, nyumba za watu haziishi," akasema, na wala hakusema kwa ubaya. "Bosi akisema nusu, nitaacha nusu."

Nikampigia simu Injinia. Akasema yuko kwenye kikao. Nikasikia sahani na vijiko. Nikampigia wifi, simu ikaita mpaka ikakata. Fundi akanitazama, nikatikisa kichwa, akaendelea. Jioni kifusi kilikuwa kimejazwa mifukoni na mifuko imepangwa barabarani, na mvua ikainyeshea.

Nina hasira na Injinia. Na wifi zaidi, maana yote haya ni kwa ajili yake. Mwanamke mmoja anataka kupika huku anatazama televisheni, basi nyumba nzima inatobolewa.

Machi 25

Nimekwenda kwa Shangazi. Baba ana alama nyekundu kwenye paji la uso, alijigonga kwenye kabati. Hakuilalamikia.

"Paa limefika wapi?"

"Wameezua, Baba."

"Na mvua hii! Mwambie Injinia awe na maturubai mazuri."

"Anayo."

Machi 31

"Paa limefika wapi?" Nimemwambia mbao zimechelewa.

Aprili 4

"Paa limefika wapi?" Nimemwambia mbao zimekuja, zimekutwa zimepinda, zimerudishwa. Akacheka. Akanieleza namna ya kukagua mbao kwa kuikodolea kutoka mwisho mmoja. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu mimi kila siku inaongezeka, na mzee ananisaidia kuijenga.

Aprili 9

Mvua, mvua, mvua. Boriti ya chuma itakayobeba ghorofa badala ya ukuta imeletwa na haipiti mlangoni. Mlango hauguswi, si ndiyo? Dirisha haliguswi. Wanaume wazima wamesimama mvuani na chuma begani wakiutazama mlango wa urithi. Nilicheka peke yangu ngazini mpaka nikaona haya. Imebidi ikatwe vipande viwili ije iungwe ndani kwa bolti. Injinia amemfokea fundi, fundi amesema vipimo vililetwa na bosi mwenyewe. Nilijua. Yule ni wa kufungua redio.

Aprili 10

Jirani wa kushoto analalamika ufa. Nimempeleka kwa Injinia. Injinia hayupo. Nimemwomba radhi mimi, ambaye sijavunja hata yai.

Aprili 19

Hili lazima niliandike lote.

Nilirudi mchana kuchukua mkasi wangu mkubwa. Mafundi walikuwa wameondoka kwa sababu ya mvua. Nikasikia hatua huko chini, nikachungulia. Wifi alikuwa peke yake katikati ya lile pango la sebule, amejifunga kitambaa machoni, mikono mbele, anatembea. Walishapanga matofali kuonyesha mahali kisiwa kitakapokaa. Akaenda moja kwa moja akajibamiza ugoko. Akatukana, tusi ambalo sikujua kama analijua. Akarudi mlangoni akipapasa, akaanza tena.

"Unafanya nini?" nikasema.

Akaruka. Akashusha kitambaa. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa vumbi.

"Natafuta jikoni," akasema. "Siku zote nikija hapa napatafuta. Bado sijafika bila kuumia."

Nikakaa juu ya mfuko wa saruji. Nilikuwa nimemwekea maneno ya wiki kadhaa, nimeyapanga vizuri, na sasa sikujua niyapeleke wapi. Nikamwambia, "Si wewe uliyetaka ukuta uvunjwe?"

"Mimi? Mimi nilitaka chumba cha watoto tu, wifi. Hii ramani mwenyewe aliiona kwenye simu, nyumba ya watu wengine huko. Nikamwambia kamwambie Baba. Akasema nisiingilie mambo ya kwao." Akajifuta uso na kile kitambaa. "Siku mliyomwambia paa linavuja nilitaka kusema. Nikakuangalia wewe. Nikasema, dada wa nyumba kasema linavuja, mimi mke wa kuja ni nani?"

Alivuta suruali akanionyesha magoko yake, mabaka ya zambarau juu hadi chini. Nimemchukia mtu huyu tangu ramani ile itandazwe, kwa bidii, kila siku, na nilikuwa namchukia bure.

Hasira yote imehamia kwa mdogo wangu. Imemkuta amejaa tayari, lakini itajibana.

Aprili 23

Wamegombana, wifi na Injinia, mbele ya mafundi. Wifi anataka ufito wa kushikilia upite ukutani kuzunguka nyumba. Injinia anasema nyumba itafanana na hospitali. Wifi akasema, "Afadhali hospitali, wanakuuliza unaumwa wapi." Fundi mkuu akajifanya anatafuta mwiko wake wa plasta, nao anao mkononi.

Aprili 28

Mimi na wifi tumepata njia. Sakafuni, kuanzia mlango wa mbele mpaka jikoni na tawi la kwenda chooni, utapita mstari wa vigae vya kukwaruza, vilivyoinuka kidogo. Baba atakanyaga na soksi zake atajua. Injinia amekubali kwa sababu havionekani sana. Tumekaa sakafuni hadi jua linazama tukichagua vigae kwa nyayo, macho tumefumba, tunacheka kama wasichana wa shule. Sijacheka hivyo humu siku nyingi.

Mei 2

"Paa limefika wapi?"

"Karibu, Baba."

Mei 6

Plasta haikauki. Hakuna kinachokauka. Nguo zinanuka unyevu, na watu vile vile.

Mei 11

Afisa amekuja kuuona mlango wa bluu. Ameridhika sana. Ndani hakuingia.

Mei 17

Nimemaliza mapazia mapya. Wifi amepanga vyombo. Chumba cha Baba kiko chini, pale palipokuwa stoo, hilo pia wifi alilipigania. Nimeutembea ule mstari wa vigae mara nyingi nimefumba macho na sikukosea. Kesho anarudi. Naona atafurahi. Leo kwa mara ya kwanza sina hasira na mtu.

Mei 18

Nitaandika tu.

Shangazi alimleta mchana, kwa teksi. Sote tulikuwa tumejipanga ndani, mapacha wamevalishwa, wameonywa wasikimbie. Baba akashuka, akakataa kushikwa. Akaupata mlango. Akapapasa bawaba, akapapasa ukingo, akatabasamu. "Hapo sasa," akasema. Akavua viatu, akaingia, na mkono wa kulia ukaenda mahali pake.

Hapakuwa na kitu. Akapiga hatua nyingine, mkono ukanyooka zaidi. Hapakuwa na kitu. Akabaki ameunyoosha kama mtu aliyempa mwenzake mkono na mwenzake hakuupokea. Watu wazima wanne, hakuna aliyesema!

Baba akapiga kofi moja, kiganja kwa kiganja. Sauti ikaenda mbali, ikarudi kutoka mahali pasipo pake.

"Mlango ni wangu," akasema. "Humu si kwangu. Mmenileta kwa nani?"

Wifi ndiye aliyeweza. "Ni kwako, Baba. Ukuta wa sebuleni tumeuvunja. Na ngazi tumeihamisha nyuma."

"Pamekuwa pazuri, Baba," Injinia akadakia, "hewa inaingia, mwanga—"

"Mwanga wa nani?"

Injinia akarudi nyuma hatua moja.

Nikasogea nikamwambia, "Baba, kanyaga hapa, kushoto kidogo. Unasikia vigae? Vinakupeleka mpaka jikoni, halafu vinakata kwenda chooni. Mimi na wifi tumevijaribu." Nilikuwa nasema haraka kama mchuuzi. Akavigusa kwa vidole vya mguu. Akavifuata hatua kadhaa, akasimama.

"Mmenichimbia njia," akasema. "Kama ng'ombe anayepelekwa joshoni."

Halafu akageuza uso kule nilikokuwa nahema. "Na paa?"

Nikamtazama Injinia.

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye niliyekuwa nakuuliza. Paa lilikuwa linavuja?"

"Halikuwa linavuja, Baba."

"Na mbao zilizopinda?"

"Hakukuwa na mbao."

Nimemfahamu Baba maisha yangu yote na sijawahi kumsikia akipaza sauti ndani ya nyumba. Leo alipaza. Mapacha wakaanza kulia, Shangazi akawatoa nje. Baba alisema ameendesha treni tangu hatujazaliwa. Dereva wa treni haoni kilicho nyuma ya kona, anaambiwa. Akiambiwa njia iko wazi anakwenda, na watu wamelala nyuma yake wakimwamini. "Sikuhitaji kuona! Nilihitaji kuambiwa! Macho yaliondoka nikasema si kitu, nina watoto. Kumbe watoto nao wameondoka, wamebaki wanaopika uongo wa paa!"

"Tulihofia ungekataa, Baba," Injinia akasema. Alikuwa analia. Sikumhurumia.

"Ningekataa nini? Ukuta ule? Mama yenu aliniomba niuvunje tangu mnatambaa. Alikuwa anapika mle peke yake kama mfungwa. Nikawa nasema mwaka kesho, mwaka kesho, mpaka akafa. Ukuta ule nikiugusa kila asubuhi unanisuta. Mngeniuliza ningewashikia nyundo."

Akainama akatafuta viatu vyake. Havikuwa alipoviacha, pacha mmoja alikuwa amevisogeza kwa adabu, avipange. Baba akapapasa sakafu, akapapasa, na sisi tumesimama. Wifi akapiga magoti akamwambia, "Baba, viatu viko kulia kwako, karibu na mlango." Akavipata. Akamwambia ahsante. Yeye tu ndiye aliyeambiwa ahsante.

Kisha akamwita Shangazi, akamuuliza kama ile teksi imeondoka.

Mei 19

Nimemwambia Injinia kila nilichokiweka tangu Machi. Alisikiliza yote. Mwishoni akasema, "Na wewe, Dada?" Nikatupa kikombe, kikavunjika juu ya kisiwa. Kisiwa hakikupata hata alama.

Mei 24

Mvua imekatika. Plasta sasa inakauka, na kila mtu anayepita anasifu mlango.

Juni 1

Tumekwenda kwa Shangazi sote watatu, mimi, Injinia na wifi. Shangazi anakaa chumba na sebule, vitu vimejaa tele, huwezi kugeuka bila kugusa kochi. Baba alikuwa anajimiminia chai. Hakumwaga.

Injinia alijiandaa. Alisema tutamrudishia ukuta, ameshaongea na fundi, wiki ijayo wataanza. Baba akamuuliza, "Nani kakuambia nautaka?" Injinia akasema basi ufito wa kushikilia, kama alivyotaka mkewe. Baba akanywa chai.

Shangazi akapita na kikapu cha nguo. "Kaka, stuli nimeisogeza, iko kushoto kwako," akasema, wala hakusimama.

"Mmesikia?" Baba akatuambia. "Akisogeza stuli ananiambia. Nyinyi mmesogeza nyumba."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu. Hasira naijua, ningejibizana nayo.

Nikaona zamu imefika kwangu. Nikatoka kwenye kochi nikakaa karibu naye, asikie ninakotoka. Nikasema, "Baba, hatujakuuliza hata siku moja. Leo nakuuliza. Utarudi nyumbani?"

Akaweka kikombe chini. Nikaanza kutumaini.

"Unauliza," akasema, "au unaniomba niseme ndiyo?"

Nilitaka kusema naomba. Nilitaka kusema ni nyumba yako, chumba chako nimekitandika, mapazia nimeyashona, sitaki kuishi mle na kile kisiwa bila wewe. Wifi alikuwa ananiangalia. Nikasema, "Nauliza, Baba."

"Basi jibu ni hapana."

Injinia akafungua mdomo. Nikamwambia afunge.

Baba akanishika mkono, akaupapasa mpaka kwenye kiwiko, kama anavyopapasa bawaba. Akasema ahsante. Tukanywa chai, tukaongea habari za mapacha, tukaaga.

Tumerudi kwa miguu. Nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma, na hapakuwa na wa kumpelekea. Wifi alinishika mkono njia nzima.